Kifaransa cha kidato cha tano: sarufi naijua, kuzungumza nashindwa

Mwanafunzi wa Mikindani

Shikamooni walimu na wakubwa wote mlio humu. Ninasoma kidato cha tano hapa Mtwara, katika tahasusi yenye Kifaransa. Kidato cha nne nilifaulu vizuri, na hata leo ukinipa kitenzi nitakiweka katika nyakati zote tulizofundishwa. Tatizo huanza pale mwalimu anapotutaka tueleze jambo kwa sentensi tano au sita zinazofuatana: ya kwanza naisema, ya pili naitafuta kwanza kwa Kiswahili ndipo niigeuze, na nikifika ya tatu darasa zima limeshanyamaza linanisubiri.

Muhula huu mwalimu wetu ametenga kipindi kizima kila wiki kwa ajili ya utamaduni, yaani vyakula, sikukuu, shule za Ufaransa na sheria zao. Baadhi yetu tunaona kwamba muda huo ungefaa zaidi kwenye sarufi, kwa kuwa mtihani hauko mbali. Naomba kuuliza mambo mawili. Mtu hutokaje katika hatua hii ya kujua kanuni bila kuweza kuzungumza? Na utamaduni wa watu walio mbali hivyo unamsaidia nini mwanafunzi wa Mtwara ambaye hajawahi kukutana na Mfaransa hata mmoja?

Mwalimu wa Lindi

Marahaba, mwanangu. Hapo ulipo ndipo wengi hukwama, na wengine huacha somo wakiamini kwamba hawana kipaji, jambo ambalo si kweli na linaniuma kila ninapolishuhudia. Katika vipimo vya lugha vya Ulaya, ambavyo vina ngazi sita kuanzia A1 hadi C2, wewe unatoka A2 unaingia B1. Mtu wa A2 hutakiwa aweze kujieleza katika mahitaji ya kila siku. Mtu wa B1 hutakiwa asimulie tukio, aeleze sababu zake, atoe maoni na kuyatetea. Utazame mtihani wa DELF B1, cheti cha Kifaransa kinachotolewa na serikali ya Ufaransa kwa ngazi hiyo: una sehemu nne, yaani kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na kila sehemu ina alama 25. Ili ufaulu unahitaji jumla ya alama 50 kati ya 100, lakini ukipata chini ya 5 katika sehemu yoyote umeanguka, hata kama jumla yako inatosha. Hakuna sehemu ya sarufi inayosimama peke yake. Sarufi hupimwa ndani ya yale unayoyaandika na kuyasema.

Kuhusu sarufi yenyewe, nakusihi uache kupitia Kiingereza. Nawaona wanafunzi wakihangaika na subjonctif, yaani umbo la kitenzi la kutaka au kuhimiza, kana kwamba ni jambo geni, ilhali wamekua nalo. Sisi husema «nataka aje», hatusemi «nataka anakuja», na Mfaransa naye husema *je veux qu'il vienne*. Tukisema «natumaini atakuja» tunarudi kwenye wakati ujao wa kawaida, naye vilevile: *j'espère qu'il viendra*. Katika «nilimwona», yule anayeonwa hutajwa kabla ya mzizi wa kitenzi, kama ilivyo katika *je l'ai vu*. Mwanafunzi anayetafsiri kutoka Kiingereza ndiye humsukuma nyuma ya kitenzi akakosea. Na tofauti ya imparfait (tendo lililokuwa likiendelea) na passé composé (tendo lililotokea likaisha), ambayo hula vipindi vingi, imo katika sentensi yetu ya kawaida «nilikuwa nikisoma mama alipoingia»: *je lisais quand ma mère est entrée*. Mahali ambapo Kiswahili hakitakusaidia ni jinsia ya nomino. Hiyo huna budi kuihifadhi pamoja na neno lenyewe tangu siku unapolipata, kwa hiyo usiandike *table* katika daftari lako, andika *une table*, ili *une* ikukumbushe kwamba neno hilo ni la kike.

Ili sentensi zifuatane bila kutafsiriwa, unahitaji masikio kabla ya ulimi. RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, hutoa taarifa ya habari ya dakika 10 kwa Kifaransa chepesi pamoja na maandishi yake, na televisheni ya TV5MONDE ina mazoezi ya bure ya video yaliyopangwa kwa ngazi, B1 ikiwemo. Sikiliza mara ya kwanza bila maandishi, mara ya pili ukiyafuata, kisha ufunge kila kitu na usimulie habari moja tu kwa sauti kwa muda wa dakika moja. Jilazimishe kutumia viunganishi kama *d'abord* (kwanza), *ensuite* (kisha), *pourtant* (hata hivyo), *c'est pourquoi* (ndiyo maana) na *alors que* (ilhali), kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoivuta sentensi ya tatu na ya nne. Kama kifurushi cha intaneti ni tatizo, pakua mara moja kwa wiki ukiwa mahali penye mtandao wa bure na uhifadhi kwenye simu ya nyumbani.

Utamaduni nao si pambo. Katika sehemu ya mwisho ya mazungumzo ya B1 mtahiniwa huchagua karatasi yenye habari fupi, akaeleza inahusu nini na akatoa msimamo wake, na habari hizo hutoka katika maisha ya watu. Nitoe mfano mmoja. Ufaransa ilitenganisha dini na dola kwa sheria ya mwaka 1905, na mwaka 2004 ikatunga sheria inayokataza wanafunzi wa shule za serikali kuvaa alama za dini zinazoonekana waziwazi, hijabu ikiwemo. Wanafunzi wangu wengi ni Waislamu, na nilipoileta mada hii darasani, hata wale ambao huwa hawafungui mdomo walinyoosha mikono kusema *je ne suis pas d'accord, parce que…* (sikubaliani, kwa sababu…) na kuimaliza sentensi. Walikuwa na jambo la kusema, na jambo hilo ndilo lililokuja na maneno yake. Mwalimu wenu anajua anachokifanya.

Mkazi wa Newala

Mwalimu, heshima yako, na karibu yote uliyoyaeleza nakubaliana nayo. Ila kwa maoni yangu utamaduni unaofundishwa mashuleni huegemea mno upande wa Paris. Mdogo wangu, wanaozungumza Kifaransa wako karibu nawe kuliko unavyodhani. Komori, ng'ambo ya bahari yetu, Kifaransa ni lugha rasmi pamoja na Kikomori na Kiarabu. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007 na Kongo imejiunga mwaka 2022. Hata gesi ya Mnazi Bay, kule Msimbati, mwendeshaji wake ni kampuni ya Kifaransa ya Maurel & Prom.

Sisi wa huku tunaishi kwa korosho, na nchi inayoongoza duniani kwa uzalishaji wa korosho ghafi ni Côte d'Ivoire, ambako zao hilo huitwa *l'anacarde*. Tafuta habari zao za msimu, bei ya mkulima, ubanguaji na usafirishaji, uzisome kwa Kifaransa. Utaelewa mengi bila kamusi kwa sababu mambo yenyewe unayajua tangu utotoni. Na ukimsikiliza Mkongo, usishtuke akitaja *septante* na *nonante* badala ya *soixante-dix* na *quatre-vingt-dix*. Hajakosea, ndivyo wanavyohesabu 70 na 90.

Mzaliwa wa Kilwa

Naomba kuongeza jambo ambalo vijana wetu wa Kusini wanastahili kulijua. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Jean-Vincent Morice, alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa ili apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka. Watu wa pwani hii na wa bara nyuma yake walipelekwa Île de France, ambayo leo ni Morisi, na Bourbon, ambayo leo ni Réunion, wakatumikishwa mashambani. Ufaransa ilikomesha utumwa katika makoloni yake mwaka 1848, na Réunion huadhimisha siku hiyo kila tarehe 20 Desemba. Muziki wa maloya, uliotokana na watumwa wa kisiwa hicho kutoka Afrika na Madagaska, uliingizwa katika orodha ya urithi wa UNESCO mwaka 2009.

Kwa hiyo, binti yangu, ukiulizwa utamaduni wa wasemaji wa Kifaransa unakuhusu nini, sehemu yake ilibebwa na watu waliopakiwa majahazini hapa hapa mkoani Lindi. Andaa mada hiyo kwa ajili ya mazungumzo ya darasani. Hakuna atakayeweza kuieleza kwa uchungu na uelewa kuliko mtoto wa Kusini.

Mwanafunzi wa Mikindani

Nawashukuru sana. Habari ya mwaka 1776 sikuwahi kuisikia, na nitamwomba mwalimu aniruhusu niiwasilishe darasani. Nimejaribu kuandika moja kwa moja bila kuanza na Kiswahili. Mwalimu wa Lindi, naomba unisahihishie:

*Quand j'étais petite, nous sommes allés toujours au champ de mon grand-père à Newala pour ramasser les noix de cajou. Un jour, un serpent est sorti d'un arbre et ma sœur criait. Mon grand-père m'a dit que je viens vite et je lui ai obéi.*

Mwalimu wa Lindi

Umeandika kitu kinachoeleweka mwanzo hadi mwisho, na *je lui ai obéi* (nikamtii) imekaa sawasawa. Rekebisha matatu. Mlikuwa mkienda kila mara, ni mazoea, kwa hiyo ni *nous allions toujours*. Dada yako alipiga kelele mara moja baada ya nyoka kutokeza, kwa hiyo ni *ma sœur a crié*. Na babu alikuambia «uje upesi»: ungemfuata Mswahili aliyemo ndani yako ungepata *que je vienne vite*, ambayo ni sahihi, ingawa Wafaransa husema zaidi *il m'a dit de venir vite*.

Sasa endelea kwa sentensi nne: nyoka alielekea wapi, babu alifanya nini, na baada ya hapo mliendelea kwenda shambani au la, na kwa sababu gani. Tumia *pourtant* mara moja na *c'est pourquoi* mara moja, umsomee mwenzako kwa sauti, kisha uilete hapa.