Kikundi cha "Watoto wa Mzee Faki": kichwa cha Baba

*Jumamosi*

Hamad 16:41: Asalaam alaykum. Baba leo kichwa tena. Kapanda na polo la karafuu kutoka bondeni, kufika kwenye mwembe akatua mzigo, akashika kisogo.

Time 16:44: Waalaykum salaam. Juzi si alisema ni jua?

Mama 16:46: Jua na njaa. Asubuhi kanywa chai kavu na vipande viwili vya muhogo, akashika njia. Nimemkanda kwa mafuta ya karafuu, kameza na panadoli mbili. Sasa kalala ukumbini.

Ami Kombo 16:50: Mtu wa miaka 68 kubeba polo na nyinyi vijana mpo!

Hamad 16:51: Ami mie nilikuwa juu ya mkarafuu, hakunambia.

Time 16:58: *(umesambazwa mara nyingi)* Kitunguu thaumu, tangawizi na ndimu huzibua mishipa yote kwa siku saba!!!

Ami Kombo 16:59: Time, hiyo tunayo tangu korona.

Salma 17:06: Mie nina vidonge vyangu vya kipanda uso, vile nilivyoandikiwa Unguja. Kimoja tu, kichwa kwisha. Nimpe Baba?

Rukia 17:09: SALMA USIMPE!! Ndo natoka zamu nayaona haya. Vidonge hivyo hubana mishipa ya damu. Mama, kichwa humjia wakati gani?

Mama 17:11: Akipanda kilima. Na juzi kwenye ngazi za msikiti.

Rukia 17:11: Akikaa?

Mama 17:13: Akikaa kinaondoka. Robo saa tu, kanywa maji, anatania watu. Ndo maana sikushughulika.

Rukia 17:14: Zamani alikuwa akiumwa kichwa?

Mama 17:16: Miaka 45 nipo naye, sijamsikia kulalamika kichwa. Meno ndiyo.

Rukia 17:16: Kifua?

Mama 17:18: Kifua hakimuumi. Jasho tu. Fulana yake nimeikamua leo ikatoka maji, na mwili wake baridi, jua lote lile.

Rukia 17:24: Basi nisikilizeni. Kichwa kinachokuja mtu akijikaza na kuondoka akipumzika, tena kimemwanza uzeeni, na ana presha na sukari, huenda ni moyo haupati damu ya kutosha. Kipo, si maneno yangu. Daktari Lipton na wenzake waliuandika ugonjwa huu mwaka 1997, na sasa umo katika orodha ya kimataifa ya maradhi ya kichwa. Ni nadra, lakini upo.

Ami Kombo 17:26: Mwanangu, kichwa na moyo wapi na wapi?

Rukia 17:30: Ami, inavyodhaniwa, mishipa ya fahamu ya moyo na ya kichwa hukutana njiani kwenda ubongoni. Habari inatoka moyoni, ubongo unakosea mlango. Ndo vile vile wengine huumwa taya au mkono wa kushoto. Na wenye sukari, wazee na wanawake wakati mwingine kifua hakiwaumi kabisa.

Time 17:31: Yallah! Na mie huku Muscat kila siku kichwa!

Rukia 17:32: Wewe ni simu, tangu skuli. Vichwa vingi havihusiani na moyo. Tunazungumza cha Baba.

Hamad 17:35: Rukia, kimerudi. Na amelala tu, hajanyanyuka. Anataka kutapika.

Rukia 17:35: Hapo si pa kungoja asubuhi. Hospitali Chake, sasa hivi. Asitembee hata kufika barabarani, gari ije mpaka mlangoni.

Salma 17:36: Tumpe aspirini njiani?

Rukia 17:37: Hapana, mpaka apimwe. Kichwa hiki kinaweza pia kuwa damu inavuja ndani, na hapo aspirini itamzidishia. Mkifika mseme hivi hivi: kichwa cha kupanda kilima, jasho la baridi, sukari. Waombe kipimo cha moyo, kile cha waya kifuani. Msiseme "kichwa" mkanyamaza, mtapewa panadoli.

Mama 17:39: Hataki. Anasema karafuu ziko nje.

Ami Kombo 17:40: Mpe simu.

Ami Kombo 17:44: Anakuja. Msiniulize nimemwambia nini.

Hamad 20:52: Karatasi ya waya imeonesha moyo una tatizo. Na damu wamepima, wanasema troponini, ile alama ya moyo kuumia, iko juu. Wamemwekea dawa chini ya ulimi, kichwa kikaondoka pale pale, mie nipo namtazama.

Rukia 20:55: Alhamdulillah. Na dawa hiyo watu wengi ndiyo inayowatia kichwa! Kwake imekiondoa. Basi ni moyo huo.

Time 20:56: 😭😭 Ya Rabbi

Salma 20:57: Na mie nilikuwa nishakishika kidonge mkononi.

*Jumapili*

Hamad 09:15: Kalala vizuri. Daktari anaandika barua ya rufaa, ende Dar, taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete, wautazame mshipa ulioziba.

Ami Kombo 09:17: Tiketi yake na ya Mama juu yangu.

Hamad 09:31: *(sauti, sekunde 9)* Baba anazungumza.

Time 09:32: Anasemaje? Nipo kazini siwezi kusikiliza.

Salma 09:33: Anauliza karafuu tumezianua, mawingu anayaona dirishani.

Salma 09:34: Mwambie tumezianua zote.

Hamad 09:36: Anasema za jamvi la pili bado mbichi, usizichanganye.