Naombeni ushauri: nina siri ya serikali, niipeleke gazetini?

Karani Kimya:
Wakuu, salaam. Nafanya kazi masijala ya wizara moja. Limepita mikononi mwangu jalada la siri lenye vipimo vya maji vinavyoonyesha sumu, na pembeni bosi ameandika kwa wino mwekundu: "Isitoke." Huku nje wananchi wanaambiwa maji ni salama. Yupo mwandishi wa habari ninayemwamini. Kinachoninyima usingizi ni kwamba bosi huyohuyo ndiye aliyezuia nisipandishwe cheo. Sijui nawatetea wananchi au nalipiza kisasi.

Kalamu Huru:
Mkuu, hasira yako haibadilishi kilichomo kwenye vipimo. Mark Felt wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, aliyewasaidia waandishi wa gazeti la Washington Post kufichua kashfa ya Watergate ya serikali ya Rais Nixon, alikuwa amerukwa kwenye uteuzi wa mkurugenzi mwaka 1972. Nia yake inabishaniwa hadi leo, lakini uovu ulikuwepo kweli, na Nixon alijiuzulu 1974. Sumu ikiwa ipo, ipo. Toa.

Wakili Mstaafu:
Kalamu Huru, usimsukume mwenzio kwenye moto ambao wewe hutauingia. Ndugu Karani, usitegemee nia njema ikuokoe mahakamani. Uingereza, Clive Ponting, ofisa wa wizara ya ulinzi, alivujisha nyaraka za kuzamishwa kwa Belgrano, meli ya kivita ya Argentina, baraza la wazee wa mahakama likamwachia huru 1985. Serikali ikatunga sheria mpya 1989 isiyotoa nafasi ya kujitetea kwa maslahi ya umma.

Na gazeti nalo si ngome. Sarah Tisdall, karani kama wewe, alilipelekea gazeti la The Guardian nyaraka bila kujitaja. Mahakama ikaliamuru gazeti lizirudishe, naye akajulikana na kuhukumiwa kifungo cha miezi 6 mwaka 1984. Kwanza tafuta wakili, umuulize sheria ya nchi yako inamlindaje mtoa taarifa, na kama kuna mkaguzi au kamati ya bunge unayoweza kuifikia kihalali.

Mama Wawili:
Reality Winner wa Marekani, aliyevujisha waraka wa siri wa serikali kwa waandishi, alijulikana haraka mno. Wachunguzi walikuta waliouchapa waraka ule kwenye printa ni watu 6 tu. Alihukumiwa kifungo cha miezi 63. Kwenye masijala yako jalada hilo limesainiwa na wangapi?

Karani Kimya:
Wanne, nami nikiwemo. Na ndani kuna majina ya mafundi wawili waliopima maji.

Wakili Mstaafu:
Hapo ndipo pagumu kuliko kisasi chako. Daniel Ellsberg wa Marekani alipotoa nyaraka za siri za vita vya Vietnam mwaka 1971, juzuu za mazungumzo ya kidiplomasia hakuzipeleka gazetini, asije akayavuruga. Hao mafundi wataitwa kabla yako, na hawakuombwa ridhaa. Usitoe hata ukurasa mmoja wenye majina yao. Kisha muulize wakili kama matokeo ya vipimo peke yake yanatosha, maana mwandishi makini anaweza kuyapeleka maji hayohayo kwenye maabara huru, habari ikasimama bila jalada lako.

Karani Kimya:
Hilo la maabara sikuliwaza kabisa. Kesho namuona wakili.