Mjadala: Kompyuta za shule yetu, mpya 11 au mitumba 20?

Mzazi, Likoni (mwenye mada)

Nimeingizwa bodi ya shule mwaka huu, na kikao cha juzi kilitukalisha hadi adhana ya magharibi kwa jambo moja tu, kompyuta. Shule ni ya msingi, na tangu Januari 2023 inabeba sekondari msingi pia. Watoto wa Gredi ya 7 wanafundishwa kompyuta kwa kuchorewa kibodi ubaoni. Sitanii, nimeiona kwa macho, na herufi Q ilikuwa imeandikwa mara mbili.

Pesa zipo, shilingi 900,000, wala hakuna za kuongeza. Wanaotaka mpya wameulizia madukani Digo Road, Mombasa mjini, wakaambiwa 80,000 kwa seti ya mezani, kwa hiyo tunapata 11. Wengine wanataka laptopu kwa kuwa stima ikipotea zina betri. Mimi nasimama na mitumba: vile visanduku vidogo vya HP, Dell na Lenovo, unene wa kamusi, vilivyotumika maofisini Ulaya. Nimeambiwa 28,000 pamoja na skrini, kibodi na mausi.

Tununue 20. Hiyo ni 560,000. Zile 340,000 zinazobaki ndizo zitakazoamua kama chumba kitadumu: waya mpya, erthi, UPS (betri ya kushikilia stima ikikatika), nondo za dirisha na akiba ya spea. Wajumbe walihesabu mashine kutwa nzima, hakuna aliyeuliza chumba kile kina soketi ngapi. Kina mbili, na moja imeungua. Tena kisanduku kama hicho pamoja na skrini yake hakifiki wati 50 mtoto akiandika, ilhali yale makubwa ya zamani yanakula mara mbili yake, na tokeni za stima tunanunua wazazi.

Laptopu sizitaki. Betri ya lithiamu haipendi joto, na haipendi zaidi kufungiwa kabatini ikiwa tupu likizo nzima ya Desemba, na Desemba yetu mnaijua. Watoto wa darasa la kwanza waliahidiwa laptopu 2013, vifaa vilipoanza kugawiwa 2016 zikawa tabuleti. Za kwetu zimo kabatini. Nilichomeka nane, zikawaka mbili. Kibodi ya mezani ikifa unanunua nyingine kwa bei ya sahani ya biriani.

Haya, nipingeni.

Mama wa Gredi ya 7

Nakupinga, baba. Shati la mwanangu ni mtumba wa soko la Kongowea, matatu inayomleta ni mtumba, leo na kompyuta ya kusomea iwe mtumba? Waya za intaneti za TEAMS na SEACOM zilitua Mombasa hii hii mwaka 2009. Makontena yote yanashuka bandarini Kilindini. Kila kizuri kinatua kwetu halafu kinapanda lori kwenda bara, sisi tunabaki na kilichochokwa na wenzetu. Nunueni 11 mpya zenye waranti. Mwakani tutachanga, tununue nyingine.

Mzazi, Likoni

Mama, hilo la "mwakani tutachanga" tuliambiwa pia kuhusu tangi la maji. Tangi bado ni msingi wa matofali matatu.

Fundi, Bondeni

Naomba niingie, maana hizi ndizo zinazonilisha. Mtumba wenyewe hauna neno. Neno liko kwa mnunuzi asiyejua kusoma namba. Kibandiko kinasema Core i5, yaani aina ya prosesa ya Intel, ubongo wa mashine, mtu anaridhika. i5 ya lini? Tazama namba inayofuata, ukiacha tarakimu tatu za mwisho: i5-6500 ni kizazi cha 6, i5-8500 ni cha 8. Windows 11 kwa kawaida inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, na chipu ya usalama ya TPM 2.0 ndani, na Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ofisi za nje zinaondoa za kizazi cha 6 na 7 kwa sababu hiyo, na ndiyo maana bei zake zimekuwa tamu ghafla. Mkizitaka, badala ya Windows zitieni mfumo wa bure wa Linux, kama Mint au Ubuntu, zitafanya kazi vizuri tu. Lakini msinunue mkidhani ni kitu kingine.

Diski iwe SSD, ile ya kasi isiyozunguka, msibembelezwe. Mashine iwe imewaka kabla mwalimu hajamaliza kuita majina.

Halafu kuna bahari. Mwaka jana niliitwa shule moja ng'ambo ya kivuko, mashine tisa "zimekufa". Nikafungua. Ya kwanza, mjusi kafiri amekaukia ndani ya pawasaplai. Hiyo kweli alikuwa ameiua, naye akafa nayo. Nne zilikuwa na ukungu wa chumvi kwenye meno ya ramu: nilichomoa, nikasugua kwa raba ya penseli, nikarudisha, zikawaka. Tatu tatizo lao lilikuwa betri ya saa, ile CR2032 iliyo kama sarafu. Ikiisha, tarehe ya mashine inarudi nyuma miaka, basi kila tovuti inakataa kufunguka ikidai cheti chake hakijaanza kutumika. Wenyewe walidhani intaneti imekatika, wakanunua bando mara mbili. Ya tisa ndiyo iliyonishinda.

Kwa hiyo waranti ya duka, mama yangu, isikupe usingizi. Wakija wakakuta kutu ya chumvi au mjusi, wataiita "uharibifu wa mtumiaji" na kufunga boksi.

Mama wa Gredi ya 7

Ahsante fundi, umenisomesha. Sasa na mimi nikusomee namba. Hicho kizazi cha 8 kilianza kutoka 2017. Gari lililozidi miaka 8 Kenya hairuhusu liingizwe. Gari! Na nyinyi mnataka kumpa mtoto kompyuta ambayo ingekuwa gari ingerudishwa bandarini. Ikitoka Windows nyingine mwaka 2028 mtaniambia nini?

Fundi, Bondeni

Hapo umenipata. Kanuni ya kompyuta kama ile ya magari tungejiwekea wenyewe kwenye tenda. Semeni kizazi cha 10 na kuendelea, 35,000 hivi kwa seti. Idadi itashuka.

Mzazi, Likoni

Kwa zile zile 560,000 tunapata 16. Nimepiga hesabu hapa nikiwa kivukoni, na nakubali, mama. 16 za kizazi cha 10 kuliko 20 za kizazi cha 8. Ila bado si mpya 11.

Mwalimu wa somo

Nimesoma kimya tangu jana. Darasa langu lina watoto 48. Kwa mashine 11 wanakaa wanne na watano, na wa tano huyo hashiki kitu, anahesabu meli dirishani. Kwa 16 wanakaa watatu watatu, na hapo naweza kuwazungusha kila dakika kumi: mmoja anaandika, mmoja anasoma maelekezo, mmoja anasahihisha. Kwangu hesabu ya kompyuta imekwisha hapo. Windows au Linux mtajijua, mtoto anayejifunza kuhifadhi faili haulizi.

Lakini kuna jambo hamjaligusa. Chumba kile ufunguo wake ninao mimi. Kabla yenu kulikuwa na kompyuta sita, na mausi mbili zilipopotea nilikatwa pesa. Tangu siku hiyo nafungua nikiwepo tu, na kwa vipindi nilivyo navyo, niko huko saa mbili kwa wiki. Mkileta 11, 16 au 60, zitawaka saa mbili kwa wiki.

Mzazi, Likoni

Maalim, hilo halikufika kwenye bodi.

Mwalimu wa somo

Halikufika kwa sababu sialikwi kwenye bodi.

Fundi, Bondeni

Mausi iliyotumika ni shilingi 300. Kwenye ile akiba ya spea wekeni 20 za ziada sandukuni, na zikipotea zipotee.

Mzazi, Likoni

Kikao ni Jumamosi saa tatu asubuhi. Nitaomba yaandikwe kwenye kumbukumbu kabla ya kugusa bei: kipuri kikipotea kinatoka kwenye akiba, mshahara wa mwalimu haukatwi. Wakikataa hilo, sitii saini ya kununua hata moja, mpya wala mtumba. Maalim, njoo. Mwaliko nakupa mimi.

Mama wa Gredi ya 7

Na mimi nakuja. Mnionyeshe hiyo soketi iliyoungua.