Kuponi za chakula kwa wageni wa kulala: nizipange vipi?

Habari zenu wadau. Nasimamia jikoni kwenye bustani ya michezo ya watoto pembezoni mwa Nairobi, yenye vyumba vya wageni. Mgeni analipia chakula mapema kwa M-Pesa, anapewa kuponi za siku nzima. Shida ni chajio. Watoto wamecheza kutwa, saa moja usiku wameshalala, kuponi zinabaki. Jumapili wazazi wanapanga foleni wakitaka zigeuzwe sambusa na soda za kubeba, na keshia hajui sahani ya pilau ni sambusa ngapi. Hapo maneno huanza.

Nimeangalia mpango wa chakula wa Walt Disney World kule Florida, uliorudi Januari 2024. Milo inahesabiwa kwa idadi ya usiku, na chumba kizima kinachota kutoka kapu moja. Hilo nalipenda. Ila kila aliye na miaka 3 kwenda juu chumbani lazima awe kwenye mpango, na kisicholiwa kinakufa saa sita usiku siku ya kuondoka. Sasa shosho aliyekuja kuangalia wajukuu, wa chai na mkate tu, nimtoze nyama choma?

Mliowahi kuendesha hoteli za familia, mnauza mlo kwa mlo ama thamani ya shilingi? Mlo kwa mlo, nyanya zikipanda hasara ni yangu. Shilingi, mgeni anauliza amelipa mapema kwa faida gani. Na watoto mnawapunguzia kwa umri ama kwa ukubwa wa sahani?