Eko imesema moyo mzima, daktari bado anataka CT. Anatafuta nini?

Mpanda Ngazi
Habari za humu wakuu. Nina miaka 54, presha ninayo mwaka wa 9 huu na dawa nameza. Kwa miezi miwili sasa, nikipanda ngazi za ofisini, ghorofa ya tatu haipiti kabla kifua hakijabana, kama mtu kanikalia. Nikisimama dakika mbili tatu kinaachia. ECG (kipimo cha umeme wa moyo) safi. Wiki iliyopita nikapigwa eko (ultrasound ya moyo), karatasi ninayo hapa: EF (sehemu ya damu ambayo moyo unaisukuma nje kila pigo) 62%, valvu hazivuji, kuta zote zinacheza vizuri. Nikatoka pale kifua mbele.

Jana daktari kaisoma, kasema nzuri, halafu kaandika CT ya mishipa ya moyo. Sasa kama moyo ni mzima, kinachotafutwa ni nini? Mke wangu ananisukuma niende, mimi naona tunazungushwa tu. Na hii ndiyo ile ya kupitisha mrija mpaka kwenye moyo? Mionzi je?

Fundi wa Eko
Mkuu, eko ndiyo kazi yangu, mwaka wa 14 huu. Swali lako naulizwa karibu kila wiki, na mara nyingi kosa ni letu: tunamwambia mtu "moyo uko vizuri" bila kumwambia tumeangalia nini.

Eko yako ulipigwa umelala ubavu wa kushoto, umetulia. Kifua chako kinabana ghorofa ya tatu. Hivyo vitu viwili havijawahi kukutana. Mimi naona misuli ikisukuma damu na valvu zikifunguka na kufunga. Mishipa inayoulisha huo msuli ina upana wa milimita 3 au 4 hivi, na eko ya kawaida hainionyeshi kama imebana ndani. Mshipa unaweza kuwa umebana sana na msuli bado ukapata damu ya kutosha ukiwa umelala. Ukianza kupanda ngazi, mahitaji yanaongezeka, damu haitoshi, ndipo kifua kinalalamika.

Hiyo EF nayo msiibebe kama alama za mtihani. Mimi nikisoma 62, mwenzangu anaweza kusoma 57, na moyo ni uleule.

CT ni picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta, nayo inaangalia mshipa wenyewe. Mrija hakuna, ni sindano ya mkononi na dawa ya rangi. Mionzi ipo, ila mashine za sasa mara nyingi hutumia milisiveti (kipimo cha mionzi) chache, na ile ya asili tunayopata sote ni wastani wa 2.4 kwa mwaka. Kule Scotland waliwafuatilia watu 4,146 wenye maumivu ya kifua kwa karibu miaka 5, matokeo yakatoka 2018: waliopata mshtuko wa moyo au kufa kwa ugonjwa wa mishipa hiyo walikuwa 2.3% upande wa walioongezewa CT, na 3.9% upande wa pili. Si kwamba picha inaponya. Waliokutwa na utando, yaani mafuta yaliyoganda kwenye kuta za mishipa, walianzishwa dawa mapema.

Kikikubana umekaa tu, au kikapita dakika 15 na jasho likakutoka, usisubiri miadi. Dharura moja kwa moja.

Bi Subira
Kaka, mimi nilipiga mwaka jana. Mapigo yangu yalikuwa 84, wakanipa kidonge cha kuyashusha, nikakaa zaidi ya saa nzima mpaka yakafika 61, maana moyo ukikimbia picha inatoka na ukungu. Wakanipulizia dawa chini ya ulimi ya kupanua mishipa. Hiyo ilinipa kichwa kuuma mpaka jioni. Dawa ya rangi ikiingia utasikia joto mwili mzima, utadhani umejikojolea. Hujajikojolea. Unabana pumzi kidogo, kwisha.

Wakikuuliza kama umetumia dawa za nguvu za kiume siku hizo, sema kweli. Ukichanganya na ile ya chini ya ulimi presha inaweza kuanguka vibaya. Na sema kama figo zina shida au uliwahi kudhurika na dawa ya rangi.

Nilitegemea jibu la "umeziba" au "hujaziba". Likaja la katikati: utando upo, umebana 30%. Sasa nameza dawa ya lehemu kila usiku.

Kinyozi
Si angepima ile CT ya kupima kalsiamu kwenye mishipa ya moyo tu? Haina hata sindano.

Fundi wa Eko
Hiyo inamfaa zaidi asiye na dalili. Utando mlaini bado hauna kalsiamu, kwa hiyo sifuri kwa mtu anayebanwa na ngazi isikulaze usingizi.

Mpanda Ngazi
Nimeshukuru sana. Nimechukua miadi, Alhamisi saa mbili asubuhi. Wife anataka tuingie wote, ila lile swali la dawa Bi Subira alilolitaja nitaomba waniulize akiwa nje.