Kupanda cheo ni hasara? Tujadili makato ya mshahara

Mwenye mada: Wana Tanga, salaam. Jana jioni barazani Ngamiani nimemkuta mwenzangu wa kazini kanuna, kahawa yake imeshapoa. Wiki iliyopita aliitwa apewe uongozi wa zamu, nyongeza ya 70,000, akakataa. "Yakhe, nikivuka milioni nimeingia kwenye kodi ya asilimia 30. Nitapokea kidogo kuliko sasa." Akanionyesha hesabu nyuma ya bahasha ya kaki: asilimia 30 ya 1,050,000 ni 315,000, anabaki na 735,000. Leo anaondoka na 857,000.

Nasema amekosea, na najua wengi humu wanaamini kama yeye. Hiyo 30 haigusi mshahara wote, inagusa kilichozidi milioni tu. Ngazi za Bara kwa mwezi, ukishatoa mchango wa hifadhi ya jamii, ni hivi: mpaka 270,000 hukatwi kitu. Kipande cha hapo mpaka 520,000 ni asilimia 8, kinachofuata mpaka 760,000 ni 20, mpaka milioni ni 25, na juu ya milioni ndipo 30. Sasa piga: kwenye 980,000 ya sasa anakatwa 123,000, kwenye 1,050,000 angekatwa 143,000. Kodi imepanda 20,000, mkononi zimeongezeka 50,000. Hasara iko wapi?

Fundi wa Mabawa: Hesabu safi, ila slipu ina mengi. Mie nilipopewa usimamizi, ovataimu ikafutwa. Mshahara ukapanda, mfukoni pakapungua, nikailaumu kodi miezi mitatu kabla sijakaa chini kusoma karatasi mstari kwa mstari. Muulize mwenzio kama hakuwa na hofu hiyo. Na mwenye mkopo wa chuo anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, hiyo nayo watu huiita kodi.

Bi Chumbageni: Nyie mnapiga hesabu, mie nauliza haki. Kwa nini ngazi ya mwisho iwe milioni? Mwalimu aliyezeekea ubaoni na mkurugenzi wa milioni kumi wote wanaishia kwenye 30 ileile! Kabla ya Julai 2020 ilianza kwenye 720,000, wakaisogeza, tukashukuru. Tangu hapo imetulia, na unga haujatulia.

Mwenye mada: Bi, kuishia ngazi moja si kulipa sawa. Wa 1,050,000 anatoa kama asilimia 14 ya pato lake. Wa milioni kumi anatoa 2,828,000, yaani zaidi ya 28. Ila hilo la milioni kubaki palepale, sikupingi. Mie ningeipeleka milioni moja na nusu.

Bi Chumbageni: Na hilo pengo la mapato serikali ilizibe kwa kitu gani, kwa kupandisha ushuru wa bidhaa tulipe sote hata tusio na slipu? Mie ningeongeza ngazi ya sita huko juu kwa wenye mamilioni.

Mwenye mada: Hapo umenishika. Ngazi ya sita naiunga mkono.

Fundi wa Mabawa: Tuacheni serikali kidogo. Huyo mwenzio, nafasi bado ipo?

Mwenye mada: Kashapewa kijana wa zamu ya usiku. Bahasha ninayo mie.