Faili za skana 6,000: nitegemee kutafuta au nipange nizione?

mpigachapa
Wakuu, kompyuta ya duka la steshenari ina Windows 11. Diski D imejaa PDF za skana zenye majina kama Scan0042, picha za pasipoti na vyeti vinavyotumwa na wateja kwa WhatsApp. Kijana mmoja anasema folda ni kupoteza muda, andika jina tu faili itokee. Mwenzake anataka aone kila kitu kwa macho. Nimsikilize nani?

fundi_diski
Kwa hali hiyo kutafuta kutagonga mwamba mara mbili. PDF ya skana ni picha tu, haina herufi za kutafutwa. Zipitishe kwenye NAPS2 (programu ya skana, ni ya bure), washa usomaji wa maandishi (OCR), yaani igeuze picha kuwa herufi. Tesseract, programu ya ndani inayofanya kazi hiyo, ina data ya Kiswahili. Maandishi ya mkono usiyategemee.

Pili, faharasa ya Windows (orodha inayotumia kutafuta faili) kwa kawaida huishia kwenye folda za mtumiaji, D haimo. Andika "Indexing Options" kwenye Start, bonyeza Modify, tia tiki D. Kisha Advanced, File Types, pdf, chagua isome na yaliyomo. Iache saa kadhaa ikiwa kwenye umeme. Laptopu ikiwa kwenye betri kazi hiyo hupunguzwa.

karani_mkuu
Nyongeza kuhusu majina. Tarehe ianze na mwaka: 2025-03-14 hati kiwanja Mbezi.pdf. Ukianza na siku, tarehe 14 za miezi yote zitakaa pamoja. Alama / na : Windows haizikubali kwenye jina.

Halafu Kiswahili chetu hubadilika mwanzoni mwa neno, na Windows hulinganisha kuanzia mwanzo huohuo. Ukiandika cheti, "vyeti" haviji. Andika cheti OR vyeti, OR kwa herufi kubwa. Au weka programu ya Everything: ukiandika wanja inaleta kiwanja na viwanja, maana inatazama popote ndani ya jina. Ila yaliyomo ndani ya faili haiyagusi kwa kawaida.

macho_kwanza
Mnasahau picha za pasipoti. Sura ya mtu utaiandikaje kwenye kisanduku? Fungua folda, Ctrl+Shift+1 picha ziwe kubwa, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, Group by, Date modified. Usichague Date created, hiyo hugeuka ukinakili faili. Date taken nayo haifai kwa picha za WhatsApp, kwa sababu taarifa za kamera huondolewa zikitumwa.

Na kazi ambazo hazijachukuliwa ziwe kwenye folda moja juu ya deskitopu. Kutafuta kunataka ukumbuke kwanza kwamba kitu kipo; folda iliyo mbele ya macho inakukumbusha yenyewe. Watafiti Barreau na Nardi waliliandika hili tangu 1995, na naona bado liko palepale.

mpigachapa
Asanteni. Na hizo za zamani nazibadilisha majina moja moja?

fundi_diski
Hapana, utazeeka hapo. Zipitishe kwenye usomaji wa maandishi kwa mafungu, majina yabaki. Utaratibu mpya uanze na za leo. Vyeti na pasipoti za wateja waliokwisha kuchukua kazi zao, futa. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 hairuhusu uzikalie bila sababu.